Flashi Kubwa Kuliko ya Mujuni

Jumatatu, 5 Mei

Mkoa wa Kagera una wapiga picha wengi, lakini fundi ni mmoja, naye ndiye anayeandika hapa. Maaskofu wamesimama niliposema simama. Kule kisiwani Goziba nilipiga picha ya sangara mkubwa kuliko mtumbwi uliomleta, wavuvi wakapiga magoti. Shule niliachia darasa la sita kwa sababu hapakuwa na wa kunifundisha zaidi.

Halafu leo kaka yangu Kahigi ananiambia eti harusi ya binti yake Evelyne atapiga Mujuni wa Muleba! Mujuni! Juzi tu alikuwa anapiga picha za vitambulisho! Nikamuuliza, baba mdogo wa bibi harusi yupo hai, nje mnatafuta nini? Akajibu polepole, kama anaongea na mgonjwa, kwamba picha zangu ni giza tupu. Kwamba kwenye kipaimara cha Evelyne ulionekana mshumaa peke yake.

Nimegomba mpaka wakakubali. Jumamosi, sendofu ya kumuaga Evelyne hapa Kagondo, napiga mimi. Picha zikiwa nzuri, harusi ya wiki inayofuata ni yangu. Zikiwa mbaya, ni ya Mujuni.

Jumanne, 6 Mei

Nimempeleleza Mujuni. Alikuwa anapiga ndoa kanisani mjini. Juu ya kamera ana flashi, kichwa chake kimegeuzwa kinatazama dari. Anapiga dari! Nilicheka mpaka mzee wa kanisa akanitoa nje.

Baadaye nikaziona picha zake. Nyuso laini, hakuna kivuli ukutani. Nimeondoka na hasira, lakini siri yake ninayo. Kichwa kiangalie juu. Basi!

Jumatano, 7 Mei

Dukani kwa Najibu, muuza kamera. Kaweka flashi mbili mezani. Ndogo imetengenezwa kwa kamera kama yangu, inajipimia mwanga yenyewe. Kubwa ni ya kampuni nyingine, nzito kama pasi ya mkaa. Najibu akanisihi kwa Kihaya cha heshima, Ta Kahangwa, waitu, hii kubwa haielewani na kamera yako, kila kitu utapanga kwa mkono. Chukua ndogo.

Nikamuuliza Mujuni anayo ipi. Akasema ndogo.

Imekwisha! Nikabeba kubwa. Akanifuata mpaka mlangoni, anataka kunieleza habari za kuigeuza, wapi inafaa na wapi haifai. Nimemwambia nilikuwa napima mwanga kabla baba yake hajaoa. Wauza duka wa siku hizi wanadhani kila mteja ni mwanafunzi wao!

Ijumaa, 9 Mei

Nimeijaribu kwa mke wangu Ephrasia, akiwa anamenya ndizi. Kapiga yowe. Kuku wamehamia kwa jirani. Nguvu ipo!

Kisha akaanza maswali. Mbona sitazami kile kioo kidogo nyuma ya kamera, nione nilichopiga? Nimemjibu kwa ukali: anayechungulia kioo kila mara hajiamini. Akasema sawa baba, na akaendelea kumenya. Ile "sawa baba" yake siipendi.

Jumamosi, 10 Mei

Mvua tangu asubuhi. Kahigi amefunika uwanja mzima kwa turubai la bluu, chini yake giza kama ndani ya shamba la migomba. Nikasema leo ndiyo leo. Nikageuza kichwa cha flashi juu, kama yule mjinga, nikaanza. Paa! Paa!

Dada yetu Kokuhirwa, ambaye ndiye tatenkazi, yaani shangazi wa kumtoa bibi harusi, alikuwa anatafuna kahawa. Akaniuliza mbona namulika turubai, kwani linavuja? Nimemwambia afanye ya shangazi, ya picha aniachie. Nimepiga mia tatu. Kioo sikukitazama hata mara moja.

Jumapili, 11 Mei

Ukoo wote sebuleni kwa Kahigi, picha kwenye televisheni.

Bluu.

Mchungaji wa bluu. Keki ya bluu. Kahigi wa bluu anamkabidhi mkwe wa bluu binti wa bluu. Kokuhirwa akauliza, waitu, hawa ni wageni wetu au ni maiti wa ziwani? Wakacheka mpaka chai ikamwagika. Mujuni naye yupo, nani kamwalika! Akasimama kwa adabu ya kuudhi, akaeleza kwamba mwanga hubeba rangi ya mahali unapogonga. Dari la kanisa ni jeupe. Turubai la bluu linarudisha bluu. Nikafoka: aliyenunua turubai la bluu ni nani?

Evelyne peke yake hakucheka. Akauliza kama ipo moja, moja tu nzuri, akiwa na bibi yake Immakulata, maana bibi hawezi tena safari ya Muleba kwenye harusi. Zilikuwepo kumi na moja. Bibi wa bluu zote. Mtoto akaingia ndani, akafunga mlango.

Kahigi akasema harusi ni ya Mujuni. Na Mujuni akasema kesho atakuja kuwapiga picha bibi na Evelyne, barazani. Hakuna aliyeniuliza!

Jumatatu, 12 Mei

Nimefikiri usiku kucha. Kosa silo langu. Flashi ilikuwa dhaifu! Ingekuwa na nguvu za kweli ingelitoboa lile turubai. Kesho naenda kwa Najibu, nachukua ya pili, nazifunga zote mbili, zote zitazame juu. Jumamosi nasimama nyuma ya Mujuni, tuone!

Ephrasia kaniuliza, kwani wakati napiga sikuiona ile bluu? Sikumjibu. Nitamjibu hapa, kwa sababu daftari hili hasomi: kila nikibonyeza kamera, nafumba macho. Mwaka wa ishirini na mbili sasa.