Jasusi wa Miavuli

Jumatatu, 10 Juni
Mvua tangu alfajiri. Miavuli yetu mitatu imepinduka mlangoni pa kampuni yetu ya miavuli, mbele ya wateja! Mkuu Mizoguchi kaniita mimi na Hoshina. Kasema kiti cha msaidizi wake kiko wazi, na bohari yetu ya Kushiro, kaskazini kabisa, nayo inataka mtu. Atakayeokoa mwavuli wetu atapata kiti. Mwingine atakwenda kulinda maboksi kwenye theluji. Hoshina akainama nusura paji la uso liguse goti. Mnafiki! Ana miaka thelathini na moja, mimi arobaini na tisa. Kushiro siendi. Mke wangu Sanae huvaa soksi mbili hata Agosti.

Jumanne, 11 Juni
Semina ya usalama. Mgeni kasema majasusi huiba mipango ya serikali na siri za viwanda, na kwamba jasusi hana pembe: ni mtu mpole, anatabasamu. Wenzangu waliandika kwa hofu. Mimi niliandika kama mtu anayenakili mapishi.

Washindani wetu wa mji wa Takaoka wana mwavuli usiopinduka hata kwa tufani. Siri iko kwenye kiungo cha mbavu zake za chuma. Kiwanda chao hupokea wageni kila Alhamisi. Mkuu hajui lolote. Atanishukuru baadaye.

Jumatano, 12 Juni
Nimenunua miwani isiyo na nguvu. Jina nitajiita Tanaka, maana kina Tanaka ni wengi, nani atamfuatilia mmoja? Jioni nikafanya mazoezi ya kuguna kama mgonjwa bafuni. Sanae kagonga mlango. "Baba, kama tumbo linauma nenda hospitali, usituimbie!"

Alhamisi, 13 Juni
Saa moja asubuhi nimempigia Mkuu, nikaguna, nikasema tumbo linauma. Kanipa pole, kaniambia ninywe uji. Uongo huo uliniuma kidogo. Kidogo tu.

Saa tano niko Takaoka. Wageni: watoto wa chekechea thelathini, na mimi. Ndara walizotupa mlangoni zilikuwa saizi yao. Mwenyeji wetu, Bi Nojiri, aliwaambia watoto kwamba mwavuli hupinduka kwa sababu upepo una hasira. Nikavumilia. Akairudia. Nikashindwa! Nikamweleza kwamba tatizo ni ubavu wa tatu, kwamba sisi tuliubadilisha chuma mara mbili, na kwamba mwavuli wetu wa vuli utakuwa na mbavu kumi. Akanimiminia chai. Akauliza vijiswali vidogovidogo. Mtu mwema sana! Nikamchorea na picha, asije akachanganyikiwa.

Nilipokuwa navaa viatu ndipo nikakumbuka kwamba mimi sijauliza hata swali moja. Lakini kiungo chao nilikigusa. Kidole kina kumbukumbu yake.

Stesheni nikasimama. Utoke safari urudi kwa wenzako bila chochote? Sikulelewa hivyo. Mkono mtupu haulambwi. Nimenunua boksi la vikeki vya maharage, kila kimoja na karatasi yake. Ishirini na nne: kila mtu kimoja, Mkuu viwili.

Ijumaa, 14 Juni
Nimeliweka boksi karibu na birika, nikainama. Shukrani pande zote! Hoshina alikula vitatu, mlafi yule. Kisha akasoma karatasi kwa sauti, ofisi nzima isikie: "Salamu kutoka Takaoka." Akanigeukia. "Kaka Kuramochi, kumbe tumbo lako lilipanda treni?"

Nikasema kaleta jirani. Jirani gani, wakauliza. Nikasema Tanaka.

Mkuu kaniita ofisini kwake, akafunga mlango. Kauliza nimeleta nini kutoka Takaoka. Nikasema vikeki. Kauliza nimeacha nini huko. Nikamweleza yote, pamoja na ile picha. Akakaa chini polepole. Mbele yangu akawapigia simu mabosi wa Takaoka, akawaomba radhi kwa kuvamiwa na jasusi. Nilisikia vicheko hadi nilipokuwa nimesimama. Walisema hakuna kosa kabisa, na kwamba yule bwana arudi Alhamisi yoyote, chai ipo. Nimeona aibu. Mkuu hakula vikeki vyake.

Jumatatu, 1 Julai. Kushiro
Baridi, na huu ni Julai! Ukungu hadi dirishani. Sanae kavaa soksi tatu na hasemi nami. Hoshina kakalia kiti changu.

Nimetafakari kwa kina. Kosa lilikuwa moja tu: jina la mji kwenye karatasi. Safari nyingine nitavimenya vikeki kimoja kimoja kabla ya kuvifikisha ofisini.

Na safari nyingine haiko mbali! Ng'ambo ya barabara kuna kiwanda cha makoti ya mvua, na makoti hayo hayavuji hata tone. Nikimletea Mkuu siri ya makoti hayo, mwezi wa nane niko nyumbani. Nitaingia keshokutwa, na miwani. Mikono mitupu siendi, sikulelewa hivyo. Nimewachorea ramani nzuri ya bohari yetu, milango yote nimeitia rangi nyekundu, ili nao waje siku moja tuwanyweshe chai.