Mpwa Wako Ameingia Jikoni na Hataki Kutoka

Lupaso, Masasi
Jumatano, 12 Novemba

Kwa Mjomba Sadallah,
Mnyambe, Newala.

Mheshimiwa Mjomba,

Shikamoo. Marahaba yako nitaipokea hata kwa upepo. Natumaini ule mgongo uliokusumbua wakati wa palizi sasa umetulia. Sisi huku hatujambo. Tena tumekuwa hatujambo kupita kiasi, nguo zinatubana, na mwenye kosa ni mpwa wako Abdulatifu, mume wangu.

Nimeandika badala ya kupiga simu kwa sababu simu yako hushikwa na wajukuu, na mambo haya hayafai kupitia sikio la mtoto. Isitoshe, wewe ndiye mjomba mtu. Wewe ndiye uliyekuja kuniposa, ukakaa kwenye mkeka wa baba yangu, ukawaambia wajomba zangu kwamba kijana wako hana kasoro yoyote isipokuwa kusinzia akishashiba. Juu ya kupika hukugusia hata neno. Kwa mila zetu mume akiharibika habari zake hupelekwa kwa mjomba wake, si kwa mjumbe wa nyumba kumi. Basi nazileta. Penye wazee haliharibiki neno, ingawa hili limeshaanza kunukia vitunguu.

YAH: MALALAMIKO DHIDI YA BABA KHALFAN KUINGIA JIKONI NA KUTOTOKA

Naomba uyasome kwa mpangilio, maana yanazidiana.

1. Jinsi alivyoingia. Kama ujuavyo, alistaafu ualimu mwezi wa saba. Mwanzoni alistaafu vizuri kama watu wengine: alikaza miguu ya viti, akatembelea mikorosho yake, akabishana na redio. Kisha binti yetu Faidha, ambaye amemaliza chuo na anasubiri ajira, akamwonyesha kwenye simu mwanamume mmoja aliyevaa aproni akikaanga vitunguu. Mwanamume yule alikuwa anatabasamu. Mpwa wako akatazama, akaomba airudie, halafu akauliza sufuria kubwa huwa inakaa wapi. Mjomba, tumeoana miaka thelathini na sita, na muda wote huo alikuwa hajui sufuria kubwa inakaa wapi. Mimi nilikuwa nahesabu hiyo kuwa ni heshima.

2. Anapika kama anavyofundisha. Ameleta ubao mweusi wa zamani akautundika pale nilipokuwa naweka nyungo zangu. Kabla hajawasha moto huandika andalio la somo. Nanakili la Jumapili usije ukadhani nasingizia: "Mada: Kisamvu kwa tui la korosho. Lengo mahsusi: Hadi mwisho wa mlo, kila mlaji aweze kutaja viungo vitatu bila kusaidiwa. Zana: kinu, mchi, chekecheo, Faidha." Tukishakula tunaulizwa maswali. Ni marufuku kujibu kwa pamoja. Mimi, ambaye nimetwanga kisamvu tangu kabla hajaota ndevu, nilinyoosha mkono, akamchagua Faidha.

3. Hakiachi chakula kama Mungu alivyokileta. Ming'oko, kwa mfano. Unaichimba porini, unaichemsha, unaimenya, unakula, unamshukuru Muumba. Yeye anaikaanga na kuikamulia limau. Unga wa muhogo wa ugali ameufanya keki. Korosho, ambayo nyumbani kwetu iliguswa na mgonjwa au mgeni wa mbali tu, sasa inasagwa kila wiki ipatikane tui, na anasema nazi ni mambo ya watu wa pwani, sisi wa juu tuna maziwa yetu mtini.

Juu ya mabibo lazima nieleze kwa kirefu. Alitaka kututengenezea sharubati ya hayo matunda ya mikorosho yake. Akakamua ndoo nzima, akaifunika vizuri kwa kitambaa safi, akaiweka kivulini ili Ijumaa wazee wa msikitini wakitoka kuswali wapate kitu baridi. Siku ya Ijumaa ilipofika nilisikia ndoo inanong'ona. Wewe ni mtu wa Newala, huhitaji kuelezwa maji ya mabibo yakikaa siku tatu yanakuwa nini. Mpwa wako, mtu wa safu ya mbele msikitini, alikuwa ametengeneza uraka, pombe kamili! Wazee walishakaa barazani, vikombe vimeshapangwa. Nilitoka mbio nikawaambia ndoo imeingia mjusi. Tuliimwaga nyuma ya choo. Kuku wetu walikwenda upande upande mpaka magharibi, na jirani yetu Yeremia, ambaye yeye dini yake haimkatazi, alikuja akasimama mbele ya ile ardhi iliyolowa, kwa huzuni ambayo sikuiona hata siku alipofiwa na shemeji yake.

Siku hiyo nilifurahi, Mjomba. Nilijua yamekwisha, atarudi kwenye redio. Asubuhi nikakuta ameandika ubaoni: "Tathmini: Somo halikueleweka. Litarudiwa."

4. Anaamka kabla yangu. Naomba hili lisidharauliwe. Mimi ndiye ninayeamka kwanza katika nyumba hii.

5. Amewachukua majirani. Mama Edmund, yaani Dominika mke wa huyo Yeremia, alikuja kwangu kwa adabu zote kuniomba nimwazime mume wangu Jumamosi moja, akampikie wageni wa kipaimara. Kuazimwa ungo nimezoea. Kuazimwa mume ndiyo mara ya kwanza. Na wanaume wa hapa mtaani nao wana kilio chao, kwa sababu wake zao sasa wakiulizwa chakula kiko wapi wanawajibu, "Nenda kajifunze kwa Mwalimu." Rafiki yake Mujibu alikusanya wanaume wenzake wakaja kumkanya. Niliwakaribisha mimi mwenyewe kwa moyo wote. Waliingia na nyuso za msibani. Akawaomba wakae kwanza, akawaletea sambusa za mbaazi. Kikao kilifungwa bila maazimio, na Mujibu alirudi kuulizia kama zimebaki.

6. Amemchukua mwanangu. Khalfan anakaa Masasi mjini na ana duka lake la vipuri, na kwa miaka mingi tulimwona sikukuu hadi sikukuu. Alikuwa na udhuru wa kila aina: duka, barabara, mtoto ana mafua. Sasa kila Ijumaa bodaboda inasimama mlangoni, anashuka yeye, mkewe na mtoto, na neno la kwanza ni "Baba leo kapika nini?" Shikamoo yangu naipata huku anatembea. Ijumaa moja Baba Khalfan alikuwa amekwenda Masasi kufuatilia pensheni, nikapika mimi, wali na kunde, kile chakula alichokulia Khalfan mpaka akawa mwanamume. Mjukuu wangu alionja kijiko kimoja, akaniangalia kwa huruma, akasema, "Bibi, usijali, babu akirudi atakufundisha."

Mtoto ana miaka mitano, Mjomba. Sikumchukia. Niliingia ndani nikajifanya natafuta leso.

7. Hili la mwisho ndilo zito kuliko yote. Unajua kwamba wari wakitiwa ndani hapa kijijini, mimi ndiye ninayewafundisha kupika. Hiyo ni kazi niliyoachiwa na mama yangu, naye aliachiwa na mama yake. Mwezi ujao tuna wari wanne. Wiki iliyopita kungwi wetu alipiga hodi, nikavaa khanga mpya, nikatandika mkeka, nikijua amekuja kupanga siku. Akakaa, akanywa maji, akatazama huku na huku, akauliza, "Mwalimu yupo?" Alitaka aandikiwe vipimo vya lile tui la korosho, wari wafundishwe! Mwanamume aandike mambo ya wari! Ukistaajabu ya Musa utaona ya Firauni. Na mpwa wako aliandika, Mjomba, kwa mwandiko mzuri, akapiga mstari chini ya kichwa cha habari.

Sasa niseme bila kuzunguka. Nina wivu, na nina uchungu. Katika nyumba hii sikuwahi kuwa na mshahara, wala cheo, wala ubao. Nilikuwa na mafiga matatu. Mtu akiwa na njaa alikuja kwangu, akiwa na huzuni nilimpa cha kula akatulia, na hiyo ndiyo ilikuwa sababu ya watu kuniita Mama Khalfan kwa sauti ya heshima. Leo nakaa barazani mikono mapajani kama mtu aliyekuja kuulizia njia. Kama yeye ndiye anayelisha, mimi ni nani hapa?

Kwa hiyo, kwa heshima na taadhima, naomba yafuatayo:

Kwanza, uje upesi uitishe kikao. Mpwa wako aulizwe mbele ya watu wazima ni lini mimi nilikwenda darasani kwake nikamnyang'anya chaki.

Pili, atozwe faini ya mbuzi. Mbuzi huyo akabidhiwe mimi akiwa hai, na iandikwe wazi kwamba mlalamikiwa haruhusiwi kumsogelea akiwa na pilipili manga.

Tatu, kama faini haitamrekebisha, nashauri arudishwe jandoni. Najua ana miaka sitini. Sehemu ya kisu haina haja ya kurudiwa, ile ilifanyika vizuri na ushahidi upo. Nazungumzia mafunzo. Inaonekana siku walipofundishwa mipaka ya mwanamume na jiko yeye alikuwa anaumwa, au alikuwa amesinzia, kwa ile kasoro uliyoitaja mwenyewe. Akalazwe na watoto wa miaka kumi, aimbe nyimbo zote, atoke akiwa mtu mpya asiyejua sufuria kubwa inakaa wapi.

Nne, hilo nalo likishindikana, naomba ukoo wenu unibadilishie. Bado ninyi mna wapwa wengine, na mmoja wao nimesikia hajui hata kuchemsha maji. Huyo atanifaa sana. Nilipewa mume mwenye dosari iliyofichwa siku ya posa, na hata muuza redio wa Masasi akikuuzia redio inayokoroma hukubadilishia.

Nifikishie salamu kwa shangazi wote, na kwa yule bibi wa pale njia panda ambaye ndiye pekee aliyenionya kwamba wanaume wa ukoo wenu wana mikono isiyotulia. Wasalimie wajukuu, lakini usiwasomee. Faidha anakusalimu. Mpwa wako naye angekusalimu, ila anakuna karoti.

Ni mimi mkweo, mwenye njaa ya haki tu, kwa kuwa njaa nyingine siku hizi siijui,

Mwanaheri, Mama Khalfan.

Nyongeza: Mjomba, kuna jambo nililiacha kwa makusudi kwa sababu lingeharibu hoja zangu zote. Nilikuwa nimeshaikunja barua, lakini limenitokea tena sasa hivi, na dhamiri haikubali.

Katika nyumba hii hakuna anayekula kabla yangu. Akishaepua, watu wote wakiwa wameshakaa, hata Khalfan aliyetoka Masasi na njaa yake, Baba Khalfan hupakua sahani moja, huifunika kwa kawa, huniletea mimi nilipo. Miaka yangu yote ya ndoa nimekula wa mwisho, nikikwangua sufuria, chakula kimeshapoa na usingizi umeshanishika. Sikuwahi kulalamika, nilidhani ndivyo ugali wa nyumbani kwangu ulivyo, wa baridi. Kumbe ukiwa wa moto ni kitu kingine kabisa.

Halafu haondoki. Mtaa mzima umemsifu, kungwi amemsifu, wanaume waliokuja kumkanya wamemsifu, lakini yeye hajamwamini hata mmoja wao. Anasimama mlangoni na mwiko wake, jasho linamtoka, ananitazama nionje. Juzi nilimuuliza kwa nini ananisumbua wakati ubaoni kwake siku hizi kila somo limeeleweka. Akasema, "Mama Khalfan, hao wanafunzi tu. Wewe ndiye mkaguzi."

Kwa hiyo usije kwanza. Ile habari ya jandoni uifute, na yule mpwa asiyejua kuchemsha maji abaki hukohuko.

Muda huu ameleta kisamvu. Nimeonja. Watu wote ndani wananisubiri. Mjomba, ni kitamu kiasi kwamba nilitaka kulia. Nimemwambia chumvi imepungua kidogo, na amerudi jikoni mbio kama kijana. Haikupungua hata chembe.