Wepukhulu na Farasi wa Miguu Minane

Julai, baridi ya Kitale huingia kwenye mifupa bila kubisha hodi, na ndiyo iliyompeleka Wepukhulu kwenye mitumba kutafuta koti. Alichagua moja jeusi, refu hadi kwenye visigino, lililoshonewa mtu mkubwa wa nchi ya theluji. Alipotia mkono kwenye mfuko wa ndani kuangalia kama umetoboka, akagusa kitu kigumu. Alikuwa na uzoefu wa kutia mkono mifukoni, kwa hivyo uso wake haukubadilika. Akalipia koti, akakata kona, akatoa pakiti ya karata.

Hazikuwa karata za kucheza. Moja ilikuwa na mzee wa jicho moja na kunguru wawili mabegani. Nyingine ilikuwa na mbwa mwitu mkubwa kuliko nyumba, nyingine farasi wa miguu minane, nyingine mwanamume aliyefungwa kwenye mawe huku nyoka akining'inia juu ya uso wake na mwanamke akiwa kando na bakuli. Chini ya kila picha kulikuwa na jina: ODIN, FENRIR, SLEIPNIR, LOKI. Wepukhulu alijaribu kuyatamka, yakamshinda, na hilo likampa moyo sana. Kama yeye yalimshinda, wateja wangeyaheshimu.

Mtu mwingine angewapa watoto wachezee. Lakini taifa hili lina bahati ya kuwa na watu wanaoona mbali, na Wepukhulu alikuwa mmoja wao. Ni yeye aliyewahi kuwauzia watu wa Ndalu dawa ya kumfanya ng'ombe azae pacha, akatoroka mbele ya wakulima wenye majembe hadi Webuye akiwa na kiatu kimoja. Aliwasimulia watu kisa hicho mwenyewe, akicheka. Alisema kiatu kile kilikuwa kinambana hata hivyo.

Jioni hiyo alizipanga karata mezani, karibu na cherehani ya Nasimiyu. Nasimiyu alikuwa fundi wa nguo, na walikuwa wameishi pamoja miaka mitatu bila kanisa, bila chifu na bila ng'ombe hata mmoja kwenda kwao.

"Hii nayo ni nini?" akauliza.

"Hii ni ofisi," Wepukhulu akajibu. "Hapa watu wataona kesho yao. Huyu mbwa ni adui. Huyu farasi ni mali. Hii nayo ni ndoa: bwana amepumzika, bibi anamletea supu."

"Na nyoka?"

"Nyoka ni mama mkwe."

Nasimiyu hakucheka. Alikata uzi kwa meno. "Huyo mama mkwe hujawahi hata kumwona. Na alinipigia simu leo. Mdogo wangu Roselyne amepata mtu, wanataka harusi Desemba."

"Pongezi kwake."

"Pongezi gani? Wajomba wamekataa. Wanasema mdogo hawezi kutolewa ng'ombe na mkubwa ako Kitale bure. Mtoto wa watu analia kila siku juu yangu. Ninaona aibu, Wepukhulu. Ninaona aibu sana."

"Si najipanga, bana."

"Unajipanga tangu nikuje hapa."

Ikumbukwe kwamba kwa Wabukusu mkwe na mama yake mkwe hawapeani mikono, hawaketi kiti kimoja, na chumba cha kulala cha mama huyo hakikanyagwi na mkwe. Wepukhulu aliipenda mila hii kuliko zote. Kila alipoambiwa twende Bungoma tukajitambulishe, alikunja uso kwa unyenyekevu, akasema hangependa kumkosea mama wa watu heshima kwa kumwangalia. Hivyo ndivyo alivyoheshimu wakwe wake, kutoka mbali, kwa miaka mitatu.

Wiki iliyofuata Wepukhulu, sasa akijiita Profesa Odini, alifungua kazi nyuma ya kinyozi. Alivaa koti lake na kufunika jicho moja kwa kitambaa cheusi, kama yule mzee wa kwenye karata. Noti hakupokea. Alisema miungu ya Kaskazini haijui noti, inajua kitu chenye pumzi. Ukweli ni kwamba alikuwa amechoka na watu wanaokimbilia polisi na ujumbe wa malipo kwenye simu. Mbuzi hana ujumbe.

Sisi watu wa Kitale tunajisifu kwamba hatudanganyiki kirahisi, na labda ndiyo sababu tulipanga foleni. Tulipeleka mbuzi, bata, hata sungura. Mimi ninayesimulia nilipeleka jogoo mwekundu, nikaambiwa farasi wangu yuko njiani. Nilirudi nyumbani nikapanua lango.

Mifugo ilijaa nyuma ya nyumba, na Wepukhulu akaanza kuota pikipiki nyekundu. Siku moja, akiwa anapima majani ya mbuzi kwa macho, jicho moja likiwa bado limefunikwa kwa mazoea, Nasimiyu akamwambia, "Kuna mjane huko Bungoma. Watu wanamwita Mama Khisa. Ako na ng'ombe wa gredi, maziwa ni ya kuogea. Na anaamini ndoto vibaya sana."

"Umemjulia wapi?"

"Tunashonea watu wengi hapa," Nasimiyu akasema, macho yakiwa kwenye sindano. "Ukitaka, nitamwambia unakuja."

Wepukhulu alimkumbatia. Alisema ameishi naye muda huu wote bila kujua ana kichwa cha biashara. Hapo alisema kweli.

Aliposhuka Bungoma alipokewa na kijana mkubwa mwenye pikipiki, Khisa mwenyewe, aliyemwita Profesa na kumpeleka hadi nyumba ya mabati mapya kwenye barabara ya kutoka mjini. Sebuleni walikuwa wameketi wazee wawili, mmoja mwenye fimbo, na majirani kadhaa. Wepukhulu alifurahi kuona umati, maana mteja mmoja akiamini mbele ya watu, wengine huona haya kubaki nyuma. Mama Khisa hakuwa sebuleni. Alikuwa kwenye mlango wa jikoni, amewapa mgongo, leso imefunika kichwa chote.

"Mbona mama anajificha?" Wepukhulu akauliza.

"Ni heshima," Khisa akasema.

"Aheshimu, lakini karata haziongei na mgongo."

Akavuta kiti kimoja kizuri chenye kitambaa cha kufuma, akaketi. Wazee wakatazamana.

"Profesa, mama anasema usikae kwa hiyo kiti," Khisa akasema. "Ni yake."

"Vizuri. Kiti cha mwenyewe ndicho chenye habari zake." Akaegemea kabisa.

Akapanga karata. Akamtaja mbwa mwitu, akasema amejificha ndani ya nyumba hii, ndiye anayekula usingizi wa mama. Akaomba mkono wa mteja ili damu yake isomwe. Sauti ikatoka mlangoni, ndogo na ya haraka, "Khisa, mwambie hiyo siwezi. Mwambie hiyo ni mbaya."

Mjanja mwenye adabu angeishia hapo. Lakini Wepukhulu alikuwa amewazoea wateja wenye haya, na alijua kwamba haya huisha ukiisukuma. Akainuka, akaenda mlangoni, akaushika mkono wa yule mama ukiwa ndani ya leso, akaukung'uta vizuri kwa mikono yote miwili. Mzee mmoja alitoa sauti ya mtu aliyekanyagwa kidole. Wepukhulu akaielewa kama imani.

"Sasa chumba cha kulala. Mbwa yuko chini ya kitanda."

"Profesa, hapana," Khisa akasema, safari hii kwa kusihi. "Kwa hicho chumba, hapana."

"Mnataka mama alale au mnataka mila?"

Akaingia. Alipiga kelele mle ndani, akapigapiga godoro, akatoka akijifuta jasho na kutangaza kwamba mbwa ametoka kwa dirisha. Kisha akafika kwenye jambo lililomleta.

"Mama Khisa, huyu mbwa atarudi, isipokuwa afuate nyama mbali. Yule ng'ombe wako wa gredi lazima aende Kitale."

"Aende tu?" sauti ya jikoni ikauliza. "Na mimi, Khisa, muulize, hizo karata hazioni ng'ombe wakikuja kwangu?"

Ukitaka mtu akupe kimoja, muahidi vingi. Hiyo ndiyo elimu yote ya Wepukhulu, hakuwa na nyingine. Akainua karata ya farasi ili kila mtu aione.

"Wanakuja. Huyu ni Sleipnir. Kila mguu ni ng'ombe mmoja. Hesabuni wenyewe."

Majirani wakahesabu. Walihesabu tena.

"Nani atawaleta?" mzee mwenye fimbo akauliza, akiwa amesogea mbele.

"Mwanamume kutoka Kitale, mwenye koti refu." Aliona ni vizuri mama azoee kumsubiri yeye. "Kabla ya Desemba. Na kama ninadanganya, mzee wangu, miungu ya Kaskazini inikamate kwenye kiti hiki hiki."

"Tumesikia?" mzee akawauliza wenzake.

"Tumesikia," wakajibu, kama kanisani.

Mlango wa mbele ukafunguliwa. Nasimiyu akaingia, amevaa gauni alilojishonea mwenyewe. Akawasalimia wazee, kisha akapiga magoti karibu na jikoni.

"Mama, nimefika. Bwana yangu ndio huyo. Naona mshajuana."

Wepukhulu alishtuka hadi akang'oa kitambaa cha jicho. Wote walioshuhudia wanakubaliana kwamba hilo ndilo lililomharibia zaidi. Mama Khisa, ambaye alikuwa amegeuka kumwona mwanawe, akapiga yowe na kujifunika upya, maana sasa mkwe alikuwa amemwangalia kwa macho mawili.

Kesi ilisikizwa hapo hapo. Wepukhulu alijitetea kwa ufasaha uliowasikitisha wengi. Alisema karata ni mchezo tu. Wazee wakasema wao wanaziamini. Akasema farasi ana miguu minane na ng'ombe ana minne, kwa hivyo ni ng'ombe wawili.

"Ulisema kila mguu," jirani mmoja akamkumbusha.

Akasema basi makosa ya kumwangalia mama yapunguzwe nusu, kwa sababu muda mwingi alitumia jicho moja. Wazee walilizungumza hili kwa uzito wote. Mmoja alikuwa karibu kukubali. Lakini yule mwenye fimbo akauliza mkono alioushika aliushika kwa vidole vingapi, na hapo wakili wa jicho moja akaificha mikono yake kwenye koti.

Kutoka jikoni mama mkwe akasema, akimpitishia Khisa ingawa mkwe alikuwa hatua chache tu, "Mwambie mimi sina hasira. Mwambie nilikuwa nataka tu kumwona msichana wangu akiingia kwa hii nyumba bila kuinamisha kichwa. Miaka mitatu ameinamisha."

Nasimiyu akalia, waziwazi, bila kujificha. Wepukhulu alimwangalia. Alikuwa amejitayarishia maneno mengine, ya kuponyoka nayo, na yakamwisha mdomoni. Alihisi aibu, nayo ilikuwa mpya kwake, haikumbana vibaya kuliko kile kiatu.

"Nitaleta," akasema.

Akaleta. Mbuzi wa Kitale walibadilishwa na ng'ombe kwenye mnada, bata na sungura wakiongezwa juu ili biashara ikubali. Kondoo wa kutakasa kile chumba alichinjwa siku ya kwanza. Mjomba wa Nasimiyu alidai koti, kama wajomba wanavyodai, na hakukuwa na koti refu kama lile Bungoma nzima, kwa hivyo lilibaki huko. Pikipiki nyekundu ilibaki kwa muuzaji. Roselyne aliolewa Desemba, na Wepukhulu alihudhuria akiwa ameketi mbali, akiangalia mti, kama mkwe mwenye adabu.

Waliporudi Kitale alilala kitandani mchana kutwa, akitetemeka bila koti. Nasimiyu alimletea supu. Juu ya cherehani ilibaki karata moja tu, maana nyingine watoto wa harusi walizichezea hadi zikapotea.

"Ulianza kunitega lini?" Wepukhulu akauliza.

"Tangu ile siku umesema nyoka ni mama mkwe. Nilitafuta majina yote kwa simu." Akaichukua ile karata. "Huyu anaitwa Loki. Alidanganya kila mtu, wenzake wakachoka, wakamfunga. Nyoka anamdondoshea sumu usoni. Bibi yake ndio anakinga na bakuli."

"Kwa hivyo si supu."

"Si supu."

Wepukhulu alicheka hadi akakohoa. Alisema katika wote waliosomewa karata zile, yeye ndiye aliyesomewa vizuri zaidi. Kisha akaiangalia tena ile picha.

"Na bakuli ikijaa?"

"Anaenda nje kumwaga."

"Na akienda?"

Nasimiyu aliirudisha karata juu ya cherehani. Nje kulikuwa na sauti za watu. Tulikuwa tumeona mbuzi wetu wakipakiwa kwenye pikapu kwenda Bungoma, tukasubiri farasi hadi tukachoka, na siku hiyo tukakubaliana kwenda pamoja. Mimi nilikuwa mbele, nikiulizia jogoo.

Nasimiyu akainuka, akachukua bakuli lenye mifupa, akamwangalia mume wake ambaye sasa alikuwa wake kwa sheria zote za Bungoma.

"Usikawie," Wepukhulu akamwomba.

Alitoka kumwaga mifupa nyuma ya nyumba. Mlango aliuacha wazi, na hapo ndipo mimi na wenzangu tulipoingia.