Kijerumani Kabla ya Tarehe Ishirini

Jumatano, 2 Januari 2008

Miaka saba, Mukai mwanangu. Uliaga ukisema ni miwili. Mimi shule sikwenda, lakini miwili naijua. Tangu uende Ujerumani hujakanyaga hapa Lindi, Kibera, hata kwa kupotea njia. Mlango wangu ulikuwa wa bati, sasa ni wa mbao, na wewe hujui. Basi nimeamua. Nitakuandikia humu daftarini, na siku utakayokuja utakaa kwenye kigoda usome yote. Chai hupewi mpaka umalize. Herufi hizi nilizidokoa kwenye vitabu vyako ulipokuwa ukifanya kazi ya shule hapa mezani. Zikiwa zimepinda, lawama ni yako na mwalimu wako.

Mambo ya kura umeyasikia huko. Moshi, mawe, maduka yamefungwa, unga wa kutafuta kama dawa. Mimi mzima. Linaloniuma si hilo. Linaloniuma ni la Krismasi.

Ulimpa mtoto simu. Mjukuu wangu, Kaveke, mwenye jina langu. (Kwa desturi yetu Wakamba msichana wa kwanza hupewa jina la mama ya baba. Mama ya Mjerumani wako hakuwa na habari hiyo, na mimi sikumwambia.) Kaveke akazungumza kama bomba lililopasuka. Mimi nikasema eeh. Eeh. Eeh. Halafu nikasikia anakuuliza kitu, ukacheka, ukaniambia anauliza mbona Susu, nyanya yake, hana maneno.

Mimi. Sina maneno. Kibera nzima ikisikia hivyo itaanguka chini.

Tarehe ishirini anafikisha miaka sita na umesema utapiga simu. Siku kumi na nane. Nitajifunza Kijerumani. Wewe huambiwi kitu.

Ijumaa, 4 Januari

Nimekwenda Makina kwa Zeinabu. Urafiki wetu ni wa miaka thelathini, ugomvi ishirini na tisa. Babu yake alikuwa Mnubi, askari wa Mwingereza, akapigana na Wajerumani huko Tanganyika. Hiyo hadithi nimeisikia hadi naota niko vitani. Nikamwambia leo nataka faida yake: anipe Kijerumani cha babu.

Alijitengeneza. Akavuta ushungi, akamimina kahawa, akaniapisha nisikigawe ovyo. Kisha akanipa. Neno moja: halt. Maana yake simama hapo hapo au nakupiga risasi.

Nikangoja mengine. Hakuna mengine. Anasema vitani hawakuwa na nafasi ya kupiga gumzo.

Nikamuuliza kama hilo ndilo la kumwambia mtoto siku yake ya kuzaliwa. Akakasirika, akasema wengine huombwa na hawashukuru.

Na wakati wote huo wajukuu wake wanaingia na kutoka. Mmoja kavaa miwani yake. Mmoja kalala mapajani, mate yanamchuruzika kwenye leso. Wako saba. Anawafukuza kama kuku, anawachanganya majina. Nimerudi nyumbani, kahawa nimeiacha nusu. 

Jumatano, 9 Januari

Mwalimu nimepata! Munyao, mtu wa kwetu Wamunyu, anakaa Kabiro kule Kawangware. Ni mchonga vinyago. Alikaa Mombasa miaka kumi na tano ufuoni na Wajerumani, akawaongelesha mpaka wakamzoea.

Nilitembea kutoka Lindi mpaka Kabiro na sufuria ya muthokoi kichwani, mahindi yetu ya kukoboa na maharagwe, maana mwalimu haendewi mikono mitupu. Njiani matairi yanawaka. Vijana waliopanga mawe barabarani wakaniuliza, shosho, unaenda wapi. Nikawaambia shuleni. Walicheka mpaka wakanipisha.

Munyao nilimkuta anapaka ndovu wa kuchonga rangi ya viatu ili aonekane mpingo. Watalii wamekimbia wote, kwa hiyo nafasi anayo. Akaniuliza, mwaitu, yaani mama, unataka maneno ya namna gani. Nikamweleza vizuri. Kuna mtu hanijui, anapita zake. Nataka maneno ya kumfanya asimame, anikaribie, anipende.

Munyao akafikiri kidogo. Akasema hayo anayo yote.

Jumamosi, 12 Januari

Somo la pili. Sufuria ya pili. Mguu una lengelenge kubwa kama haragwe. Naandika ninavyosikia:

Komen zi, komen zi. Guken kostet niks. Ehtes holts. Faasen zi an. Fua dih, guta prais.

Namuuliza maana, Munyao anasugua ndovu wake kwa msasa na kusema, mwaitu, usichimbe sana. Tabasamu, nyosha mkono, mwishoni shusha sauti. Mjerumani lazima asimame, anasema, hajawahi kumwona aliyepita.

Mtu wa kwetu hawezi kunidanganya, na muthokoi wangu anamaliza hadi anakwangua. Nafanya mazoezi nikipepeta, nikifua, nikisali. Kaveke mdogo ataniona msomi.

Alhamisi, 17 Januari

Kabiro sikwenda. Moshi wa polisi uliingia chini ya mlango, nikalia machozi ambayo sikuwa nimepanga.

Saa nne Wangoi akaingia bila kubisha. Wangoi wa mlango wa pili, yule anayemwaga maji ya sukuma wiki mlangoni pangu. Hatujasemezana tangu Agosti. Alikuwa na mfuko mmoja na kiatu kimoja. Anaitwa Wangoi, jina linalotaja kabila lake, na siku hizi kuitwa hivyo tu kunatosha kuuawa. Nikamsukuma nyuma ya pazia, juu ya kitanda changu, nikamwambia ile kesi ya maji iko pale pale.

Wakaja. Sita, na mapanga. Wengine nawajua tangu wakitambaa. Wakauliza niko na nani humu ndani.

 Kiswahili kikanitoka, Mukai, Kikamba kikanitoka. Kilichobaki ni cha Munyao. Nikasimama mlangoni nimeujaza wote, nikatabasamu, nikanyosha mkono. Komen zi, komen zi. Nikayasema yote mpaka guta prais, sauti nikaishusha.

Wakatazamana. Mmoja akasema, "Twendeni. Huyu shosho moshi umemwingia kichwani."

Wakaenda. Nikafunga mlango, nikakaa chini. Wangoi akaniuliza kutoka nyuma ya pazia ile ilikuwa lugha gani. Nikamwambia. Akauliza inafundishwa wapi.

Jumapili, 20 Januari

Stima hakuna Lindi, kwa hiyo nilipeleka simu Makina kuchajiwa kwa Zeinabu tangu asubuhi. Alikubali kwa sharti moja, na yeye amsalimie mtoto.

Saa tisa ikalia. Ukampa Kaveke. Kabla sijafungua mdomo Zeinabu akaninyang'anya simu, akamwamuru mtoto kwa lile neno la babu yake.  Nikajua mtoto amekimbia. Nikaipokonya, nikasema yangu yote. Mkono nikaunyosha pia, ingawa huuoni. Sauti nikaishusha.

 Halafu wewe, unacheka mpaka unakohoa. Mama, nani amekufundisha. Nikakuuliza kwani kuna nini. Ukaniambia nauza vinyago. Ukanifungulia moja moja: njoo, njoo, kuangalia ni bure, mti halisi, gusa, kwako wewe bei nzuri.

Aki Munyao. Sufuria mbili za muthokoi.

Nilitamani mkeka wa Zeinabu unimeze. Siku kumi na nane, lengelenge, na nimemwongelesha damu yangu kama mpita njia wa ufuoni. Ndipo nikasikia kisauti nyuma yako.

Ukasema, "Anauliza unauza nini."

Zeinabu ananitazama. Hata wajukuu wake walikuwa wametulia.

Nikasema, "Mwambie nauza Susu. Amezeeka kidogo, lakini ni mti halisi. Amebaki mmoja."

  Kisha ukamwambia, na kicheko hakikuwamo tena. Mtoto akajibu haraka, kama mtu asiyehitaji kufikiri. Wewe ndiye uliyechelewa kuniambia.

"Anasema anamchukua. Anauliza ataletewa, au aje mwenyewe."

Simu ikakatika. Sikuwahi kumjibu. Zeinabu alijifuta macho akasema ni moshi. Makina leo hapakuwa na moshi.

Jumatatu, 21 Januari

Asubuhi ujumbe wako umeingia. Unasema mama, achana na Kijerumani, utamfundisha mtoto Kiswahili, na barabara ni mbaya nisitoke.

Niachane? Nimeuza kwa mara ya kwanza kufungua mdomo, halafu nifunge kibanda?

Nimekwenda Kabiro kumgombeza Munyao. Nimemgombeza mpaka ndovu akaanguka. Alipopata nafasi akajitetea kwamba niliomba maneno ya kusimamisha mtu, na si alisimama?  Ndipo akaniambia kuna mengine hajanipa. Ni ya baadaye, mteja akishakubali: namna ya kufunga mzigo, na siku ya kuja kuuchukua. Mjerumani hajawahi kuyakataa.

Naanza kesho. Wangoi amehamia kwa dada yake huko huko, naye anajiunga darasani. Kesi ya maji tutaimalizia hapo hapo.

Na wewe, sikia. Ukija, pitia upande wa Makina, mchana, na usibebe mkate, mkate tunao. Ukifika kwa Zeinabu, ukae hapo unywe kahawa. Mwonyeshe Kaveke mlango wangu tu, ule wa mbao, na umwache aje peke yake. Ukisikia tumenyamaza, usije mbio kututafsiria. Kaa mpaka tukuite.