Bolti ya Oili na Jani la Isale

Jumatatu, 2 Machi 1981
Asubuhi nimekuta doa jeusi chini ya pikipiki ya ofisi. Pana kama sinia! Oili inavuja kwenye bolti ya chini ya injini, ile ya kumwagia oili chafu. Balaa. Jumamosi Ndugu Wenseslaus, mkubwa wetu, anapanda Mwika kutoka Moshi kukagua. Ametangaza kwamba akikuta pikipiki haikutunzwa, inakwenda kwa mwenzangu. Mwenzangu ni Elifuraha. Mabwana shamba wawili, pikipiki moja. Tangu mwaka juzi Elifuraha anakagua mibuni ya watu kwa miguu, na leo amelitazama lile doa kwa mapenzi kabisa. Nimekaza bolti. Nimechomeka bomba la maji kwenye mkono wa spana nipate nguvu zaidi. Bolti ililia kidogo. Dalili njema.

Jumanne, 3 Machi
Inavuja zaidi. Lakini akili ni mali! Nimeizungushia bolti sabuni ya kipande. Hata tone halikudondoka. Nikajipongeza mpaka njia panda. Injini ilipopata moto, sabuni ikayeyuka, nikashuka sokoni nikiacha povu jeusi njia nzima. Elifuraha akauliza kama pikipiki imekunywa pombe ya mbege. Akina mama wa ndizi walicheka sana. Mimi sikuona cha kuchekesha.

Jumatano, 4 Machi
Nimefunga kopo chini ya injini likinge oili. Madukani oili hakuna tangu Krismasi, kwa hiyo kila tone nalirudisha lilikotoka. Mpango safi! Kwenye kona ya kanisani kopo likachomoka, likammwagikia jogoo wa mchungaji. Jogoo mzima. Mchungaji amenisamehe, mkewe bado.
Ester, mke wangu, anasema Mwika nzima mwenye kuijua injini ni mmoja tu, Mama Aikande wa mashine ya kusaga. Najua! Lakini mwaka jana nilisimama mkutanoni, mbele ya kijiji kizima, nikasema unga wake unanuka dizeli. Haukunuka. Nilikuwa na hasira za foleni. Tangu siku ile hatusalimiani.

Alhamisi, 5 Machi
Hila kubwa! Nimekata jani la isale uani, nikalipiga fundo, nikampelekea Mama Aikande. Aliyeletewa isale hana njia, lazima asamehe. Ndivyo tulivyoachiwa na wazee. Kusema kweli sikuwa na majuto mengi. Nilikuwa na bolti.
Mama Aikande akalitazama jani, akanitazama mimi, akaitazama pikipiki. Akasema kilichonileta anakiona, kinadondoka. Lakini isale ni isale. Akalipokea kwa mikono miwili.
Akatega sufuria safi chini ya injini. Akafungua bolti, oili ikamwagikia humo, akapitisha kidole tunduni, akasema Mungu ananipenda, meno bado mazima. Mgonjwa ni washa, kile kipete cha shaba kinachokaa chini ya bolti. Nimekiponda kwa kukikaza, kimekuwa kigumu, hakizibi tena. Kipya hata Moshi mjini hakipatikani. Basi akakishika kwa koleo, akakitia kwenye makaa mpaka kikawa chekundu, akakidumbukiza majini. Tsss! Kimetoka laini. Akakisugua juu ya jiwe mpaka kikanyooka. Akairudisha bolti kwa vidole, kisha spana fupi, akavuta kidogo tu. Akaichuja oili yangu kwa kitambaa, akaimimina yote. Tukawasha, injini ikapata moto. Kavu!
Mwanamke huyu ni hazina. Nimeona mafundi wa mjini wenye ovaroli na kelele, hakuna anayemfikia. Niliona aibu, aibu ya kweli, karibu dakika nzima. Nikamwambia unga wake ni mzuri. Akasema anajua. Malipo amekataa. Ameniomba kitu kimoja tu, kwamba bomba nilitumie kwa maji.

Jumamosi, 7 Machi
Ndugu Wenseslaus alilala chali chini ya pikipiki yangu na leso nyeupe. Leso ikatoka nyeupe! Akasema hajaona injini kavu namna hii mkoa mzima. Pikipiki inabaki kwangu. Elifuraha akainamisha kichwa. Kisha mkubwa akauliza fundi ni nani. Nilifungua mdomo nimtaje Mama Aikande. Nikasikia mdomo unasema: mimi.
Mkubwa akanishika mkono kwa furaha. Pikipiki yake aliyokuja nayo inavuja tangu Himo! Palepale kwenye bolti! Elifuraha akakimbia mwenyewe kuniletea spana. Na bomba. Sikutaka kumvunja moyo Elifuraha mbele ya mgeni. Nikavuta. Kak! Nusu ya bolti mkononi, nusu ndani ya injini. Oili ya mkubwa yote chini.
Ndugu Wenseslaus akaikunja leso yake, akaitia mfukoni. Halafu akapanda pikipiki yangu, akashuka nayo Moshi.

Jumatatu, 9 Machi
Sasa tunakwenda kwa miguu wote wawili. Elifuraha ananionyesha njia za mkato, na anazijua.
Mama Aikande amekuja kuitazama pikipiki ya mkubwa. Amecheka mpaka akashika mgomba. Kisha akasema niisukume mpaka mashineni kesho, kile kipande atakitoa. Nani kama yeye?
Jioni nimeandika barua mkoani. Naomba nafasi ya kuwafundisha mabwana shamba wote matengenezo ya pikipiki. Penye uzoefu nimejaza: pikipiki mbili ndani ya wiki moja.