Taa Sitini za Tangi la Mama Ethel

Jumatatu, 7 Oktoba 2024. Newala.

Utepe wangu umefika! Dar mpaka Masasi kwa basi, Masasi mpaka hapa chini ya kiti cha gari la Noah. Taa sitini, kila moja kama punje ya hindi, na kila moja ina akili yake. Unaita namba yake, unaiambia iwe nyekundu, inakuwa nyekundu, na ya jirani inabaki bluu. Wanangu wangekuwa hivi ningenenepa.

Mpango: kuubandika kwenye tangi la maji. Tangi likijaa, zote sitini bluu. Maji yakishuka, zinazimika moja moja kutoka juu. Sababu ya kwanza ni mke wangu Winfrida. Kila asubuhi anapanda ngazi na kijiti kupima maji aliyoyatunza tangu mvua za Aprili, kwa ajili ya kipaimara cha binti yetu Ethel, Jumapili hii. Wageni arobaini kutoka Chilangala. Mwezi uliopita aliteleza kwenye ngazi, nikakosa usingizi siku mbili. Sababu ya pili ni jirani Cyril. Amefunga taa ya sola barazani, sasa anasalimiwa kama diwani.

Jumanne, 8 Oktoba.

Haziwaki. Nimechomea waya tangu saa mbili hadi saa kumi. Nimemwandikia muuzaji ujumbe wa kumwita tapeli. Winfrida kapita na beseni, kauliza vile vimshale kwenye utepe vinaelekea wapi. Nilikuwa nimeunga mkiani. Amri huingilia kichwani, kisha taa hupokezana. Nimegeuza, zimewaka. Muuzaji nimemwandikia kwamba ule ujumbe ulikuwa wa mtu mwingine.

Nimetoboa tundu chini ya tangi kupitisha waya wa kipimo, nikaziba kwa gundi. Ngazi nimeikata, mbao zake zinashikilia utepe. Nani tena atahitaji ngazi?

Jumatano, 9 Oktoba.

Ushindi. Utepe unatazama barabarani, ili Cyril asipate shida. Taa arobaini na sita, bluu tupu. Watu wamesimama. Nimewaeleza kwamba kila taa ni ndoo mbili za maji. Bi Rahima wa nyumba ya pili akahesabu kwa vidole, kisha akamtazama Winfrida. Winfrida akatazama miguu yake.

Nimeelezwa baadaye, tena kwa ukali. Bomba la mtaa halijatoa tone tangu Agosti. Na tangu Agosti mke wangu anawaambia majirani kwamba tangi letu limekauka. Jumapili tu alimwapia Bi Rahima kwamba tunakomba mtungi. Angeniambia mapema!

Alhamisi, 10 Oktoba.

Saa kumi na mbili asubuhi, ndoo kumi na moja mlangoni, na shikamoo nyingi kuliko siku ya Idi. Mtu kakuamkia vizuri, utamwambiaje huna maji na nyuma yako zinawaka arobaini na sita? Cyril kaja na madumu mawili. Kasema kwenye tangi lake wamebaki mende. Hadi adhuhuri taa thelathini na moja. Winfrida hasemi nami. Anamtuma Ethel aje kuniambia kwamba chakula kipo.

Nimepata dawa. Nimeziamuru taa zidanganye: tatu tu, nyekundu, muda wote. Jioni majirani wamepita, wametikisa vichwa, wametupa pole. Nimemtuma Ethel amweleze mama yake. Jibu limerudi: sawa.

Ijumaa, 11 Oktoba.

Amani. Kuku wote wamehamia chini ya tangi. Mbuzi wa Cyril naye kaja, kalala hapo hapo. Hata wanyama wanapenda rangi. Winfrida kaniuliza mwenyewe kama kweli maji yapo. Nimesema yapo, taa thelathini na moja, nimezificha mimi. Kacheka kidogo. Nimefurahi mchana kutwa.

Jumamosi, 12 Oktoba.

Winfrida kafungua koki aoshe mchele. Koki imekohoa, ikatoa upepo. Kaniuliza ukweli ni taa ngapi. Nimeweka kiti juu ya meza, nimechungulia. Sakafu ya tangi. Gundi ilikuwa imeachia, na maji yote yameingia mchangani, kuku wakishuhudia. Taa zimeendelea kuonyesha tatu.

Hakupiga kelele. Kakaa juu ya ndoo iliyopinduliwa, akilia. Miezi sita ya kuoga kwa kopo moja. Niliona aibu ambayo sijawahi kuiona. Nampenda huyu mwanamke, na nimemmalizia maji.

Nimekwenda kwa Cyril kuomba maji na kukiri yote, pamoja na zile tatu za uongo. Kacheka mpaka kashika mlango. Kisha kasema pole, lakini kwake ni mende tu, kama alivyosema.

Jumapili, 13 Oktoba.

Kabla ya misa, hodi. Bi Rahima, ndoo kichwani. Kasema ameikuta tu. Nyuma yake Cyril anasukuma baiskeli, madumu manne. Kisha nyumba ya tatu, ya tano, ya tisa, zote zilizokauka tangu Agosti. Winfrida kapokea kila ndoo kwa mikono miwili. Hakuna aliyemuuliza mwenzake maji yametoka wapi. Askofu kampaka Ethel mafuta, wali umeiva, wageni wa Chilangala wamenawa mara mbili. Bi Rahima kabaki jikoni hadi sufuria ya mwisho. Winfrida kaniwekea paja la kuku, kasema, "Kula, Baba Ethel." Nusura nilie mimi.

Jumatatu, 14 Oktoba.

Nimetafakari sana. Mtaa mzima una maji! Shida yetu ni kwamba hayaonekani. Nimeagiza utepe mwingine, taa mia sita, kila tangi sitini, zote zitazame barabarani. Itakuwa zawadi yangu kwao, nitawafungia wakiwa mikoroshoni. Winfrida kaniona nachora nyumba moja moja, kauliza naandika nini. Nimemwambia ni shukrani kwa majirani. Kanishika bega, kasema kumbe nina moyo mzuri.