Shubiri ya Eedo na Chumvi ya Dresa

Leo nimeaibika, tena mbele ya koo mbili na serikali nzima. Nawaambia mwenyewe, wenzangu wa kambini, kabla dereva wa lori hajawaletea habari hii pamoja na nyongeza zake.

Mnanijua. Mimi Farah ni mkalimani wa Bwana DC, Mzungu wetu mkuu wa wilaya, na bila kujisifu (haya, kwa kujisifu kidogo) hakuna mkalimani kama mimi kutoka Liboi mpaka Bute. Bwana DC akisema Kiswahili chake, mimi nakigeuza Kisomali kabla hajafunga mdomo. Wazee wakijibu, narudisha vilevile, na tusi lake likiwemo. Siongezi, sipunguzi, sipendelei upande.

Huko kutopendelea ndiko kulikoniponza!

Tumbo langu lilikuwa limefunga tangu ile safari ndefu ya lori. Jana nikaenda kwa dresa wetu, mtoa dawa wa kambi. Akanipa chumvi ya haluli, ile ya kuendesha tumbo, kwenye karatasi, niikoroge na maji niinywe asubuhi. Akauliza, "Kuna dawa nyingine unayotumia? Hata ya miti?"

"Hakuna kabisa," nikajibu kwa sauti ileile ya barazani.

Na saa hiyo ilikuwa kweli. Lakini kufika nyumbani, eedo wangu, dada yake marehemu baba, alikuwa keshanichemshia dacar, ile shubiri ya porini. "Kunywa, eedo," akasema (kwetu shangazi na mtoto wa kaka yake huitana jina moja). "Chumvi ya Wazungu itakufaa nini? Hii ndiyo iliyomfungua babu yako."

Nani anamkatalia eedo? Nikanywa. Chungu mpaka masikio yakacheza.

Asubuhi naamka, tumbo kimya. Nikaitazama ile chumvi ya dresa. Nikaona si haki. Eedo amepewa nafasi yake, dresa anyimwe kwa kosa gani? Nikakoroga, nikanywa yote, nikapanda lori kwenda Eldas nikijiona mtu mwadilifu sana.

Sasa, Eldas haikuwa mchezo. Watu wa kisima cha juu na watu wa kisima cha chini walikuwa wamegombania zamu ya kunywesha mpaka mikuki ikainuliwa. Ng'ombe na ngamia wamesimama midomo mikavu. Mimi ndiye niliyewabembeleza wazee wa pande zote mbili mpaka wakakubali kuketi pamoja. Leo wasipopatana, kesho tunazika watu. Kila mtu alilijua hilo.

Baraza likaanza vizuri. Mzee Abdi wa kisima cha juu akanena, nikatafsiri. Mzee Nur wa kisima cha chini akanena, nikatafsiri. Nilikuwa motomoto! Kisha tumbo likanguruma. Mzee Nur akainua macho kutafuta mawingu.

Nikajikaza. Likanguruma tena, refu zaidi, na safari hii halikuwa la mzaha.

Basi Bwana DC akasimama kutoa uamuzi. "Farah, wewe ambia wazee hivi. Mimi nafikiri sana. Sasa mimi nasema maneno ya mwisho."

Nikafungua kinywa: "Bwana DC anasema, neno lake la mwisho ni hili..."

Hapo nikajua. Nikilimaliza hilo neno, nitamaliza na mengine! Nikakusanya shuka, nikampita Bwana DC nusura nimwangushe, nikatimua mbio mpaka nyuma ya kichuguu.

Jamani, kichuguu kile Mungu akiweke. Lakini masikio yangu yalikuwa wazi, na nilisikia kila kitu.

"Mzungu amesema nini?" Mzee Abdi anauliza.

"Farah hakimbii maneno madogo," anajibu Mzee Nur. "Wallahi, huyu Mzungu anataka kutunyang'anya ngamia."

Upande wa pili Bwana DC anamshika dubas mmoja, askari wetu wa kilemba chekundu, ambaye Kiswahili chake mnakijua. "Wazee nasema nini?"

"Bwana mkubwa, wazee nasema wewe nasema maneno mbaya, Farah naogoba, nakimbia!"

"Mimi sijasema kitu!"

Nikasikia watu wanainuka. Nikasikia ngamia wanasimamishwa, na mtu anaitisha mkuki wake. Nikapiga kelele nikiwa kulekule chini: "Kaeni! Hakuna neno! Hakuna neno baya!"

(Ushauri wa bure: usitulize watu ukiwa nyuma ya kichuguu.)

"Mnaona?" akasema Mzee Abdi. "Sasa anajificha kabisa!"

Nikarudi. Wote wakanivamia kwa pamoja. "Waryaa, wewe Farah, ni neno gani hilo?" "Farah! Sababu gani wewe kimbia?"

Nikafikiria kusema nimeona nyoka. Lakini wafugaji hawa husoma nyayo. Wangekwenda kumtafuta huyo nyoka nyuma ya kichuguu, na Mungu aepushe na watakachokikuta.

Nikamwambia Bwana DC ukweli, polepole, kwa sauti ndogo. Dresa, aliyekuwa ameketi nyuma yake na sanduku la dawa, akaruka. "Uliniambia huna dawa nyingine! Shubiri ni haluli, na chumvi ni haluli! Kila moja inatosha peke yake. Ukizichanganya zinakukausha maji mwilini, unaanguka hapa jangwani tunakuzika." Akanishika mshipa wa mkono, akaagiza chai ya sukari nyingi na chembe ya chumvi, akanisimamia mpaka nikaimaliza. Akanishika tena mshipa, akahesabu upya, na hapo nikaogopa kwelikweli.

Nikadhani yamekwisha.

"Sasa ambia wazee," akasema Bwana DC.

"Bwana, nadhani wazee wameshaelewa."

"Hapana. Ambia wazee yote. Neno kwa neno."

Nikayasema yote kwa Kisomali. Eedo, shubiri, chumvi, kichuguu. Waliokaa nyuma wakapaza sauti: "Hatusikii! Sema kwa nguvu!" Nikasema kwa nguvu. Mtu mzima, mwenye ndevu, natangaza habari za tumbo langu mbele ya wakwe wa watu!

Mzee Nur akaanza kukohoa, kumbe anacheka. Mzee Abdi akamwegemea ili asianguke. Mikuki ikalazwa chini, watu wakajifuta machozi, na walipoketi tena hawakukumbuka nani wa juu na nani wa chini. Zamu za maji zikapangwa kabla ya adhuhuri. Mimi natafsiri nimekaa, sikuthubutu kusimama.

Mwishoni Mzee Abdi akainua mkono. "Mwambie Bwana DC, zamu tumezikubali, sisi na ndugu zetu hawa. Ila tuna sharti moja, na hili pande zote mbili tunalisema kwa kinywa kimoja. Huyu mkalimani wake asikanyage karibu na visima vyetu mpaka apone."

Na hilo pia nililitafsiri. Sikupunguza hata neno.

Sasa naombeni msinichekeshe. Si kwa sababu ya aibu, aibu imeshapita. Nikicheka, sijiamini.